Damu Kwenye Mkuku

Sehemu ya Tisa

Komeo liliingia, tap! Hapo ndipo nilipowakatia utamu Jumamosi iliyopita, na simu zenu za wiki nzima nimezisikia. Msomaji mmoja wa Manyoni kanitukana mpaka kamtaja na mama yangu. Haya, hasira wekeni pembeni, turudi karakanani kwa Gervas, maana Winfrida bado yumo, mlango umefungwa nyuma yake, na mikononi ana kitu ambacho hakupaswa kukiona kabisa.

Ni meli ya Mzee Emilian.

Meli ya mbao, milingoti mitatu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima. Ndiyo iliyotoweka siku ile mzee alipokutwa ameinamia meza yake ya kazi, amekufa, patasi imezama mgongoni. Patasi ilikuwa ya Philipo, mdogo wake Winfrida, herufi ya jina lake imechomwa kwenye mpini. Kwa patasi hiyo Philipo yuko gerezani anangoja kesi ya mauaji, na kila anayekwenda kumwona anarudi akisema kijana amekwisha.

Polisi waliitafuta meli wakachoka. Winfrida kaikuta chini ya gunia la maranda, kwa katibu wa chama chao wenyewe cha waunda meli.

"Shemeji," Gervas alisema, "iweke chini. Polepole."

Winfrida aligeuka. Gervas alikuwa amesimama mlangoni, panga mkono wa kulia, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Huyu walikuwa wakikaa naye meza moja kila Jumamosi, wakiazimana msasa na gundi. Msibani ndiye aliyelia kuliko wote, wakamshika wanaume wawili asije akaangukia kaburini.

Mikono ya Winfrida haikucheza. Viganja viwili vilikuwa chini ya mkuku, ule ubao mrefu wa chini kabisa unaoibeba meli nzima, vidole vimefunguka, gumba haligusi hata kamba moja. Hivyo ndivyo Mzee Emilian alivyomfundisha kila aliyejiunga na chama chake. Ukishika meli kwa mlingoti alikuchapa rula ya vidole mbele ya wenzako, hata uwe na mvi. Askari waliokuja kuchukua ushahidi walizibeba meli za watu kwa milingoti, kama mtu anayebeba kuku kwa miguu, wakavunja mbili.

"Umemuua," Winfrida alisema.

"Sijamuua."

"Umemuua mzee wa watu, halafu mzigo ukamtwika Philipo! Philipo aliyekuwa anakula sahani moja na wewe!"

"Sikumuua, naapa! Lakini ukitoka na hiyo meli nani atanisikiliza? Niambie, nani?"

"Basi twende polisi ukaseme hivyohivyo."

Gervas alicheka kicheko kibaya. "Polisi? Wakimtoa Philipo wataingiza mtu mwingine palepale. Na mtu mwenyewe ni mimi, shemeji."

Shemeji tena. Siku zote alikuwa akimwita dada, kwa kuwa ni rafiki wa Philipo. Winfrida alilisikia neno hilo likampita tu. Aliyesimamiwa na panga hana nafasi ya kupima maneno.

"Mume wangu anajua niko hapa," alisema, akijaribu kuikaza sauti. "Nimempigia simu kabla sijaingia."

"Umempigia nani?"

"Melkiori."

Hapo alisema kweli. Melkiori alimjibu kwamba yuko Ulemo, kwenye alizeti, na akamkataza asiingie peke yake, amngoje arudi jioni. Lakini mwanamke gani angekaa kumngoja mume mpaka jioni wakati mdogo wake anaozea gerezani? Na Melkiori mwenyewe habari za meli alikuwa hazitaki. Midoli, ndivyo alivyoziita. Alijisifu mbele ya mashemeji na wakwe kwamba tangu azaliwe hajakanyaga karakana ya Mzee Emilian wala hajagusa hata kijiti cha meli.

Gervas alitupa jicho dirishani, akalirudisha kwa Winfrida, na uso wake ukawa wa mtu aliyesomewa hukumu.

"Basi hakuna muda," alisema, akanyanyua panga.

Panga lilikuja kwa juu. Na Winfrida, badala ya kujikinga yeye, akaikinga meli! Aliligeuzia panga mgongo, akajikunja juu ya milingoti mitatu, chuma kikampiga begani, kikapasua blauzi na nyama pamoja. Alipiga kelele. Damu ikashuka mkononi, ikapita kiganjani, ikauloweka mkuku.

Alikimbilia upande wa pili wa meza. Gervas akazunguka. Kwenye jiko la mkaa kulikuwa na sufuria inatokota, vibao vyembamba vimezamishwa humo vilainike ili vikunjwe kufuata ubavu wa meli. Winfrida alilipiga teke jiko. Maji ya moto yakaruka, yakamwagikia miguu ya Gervas iliyokuwa ndani ya ndala.

Mlio alioutoa Gervas sitaki kuuandika. Lakini panga hakuliachia. Alirusha pigo la pili, likakita kwenye meza, akalinyofoa, la tatu likamkosa Winfrida sikio na kukata kamba iliyoning'iniza misumeno. Misumeno ikaporomoka sakafuni. Winfrida akarudi nyuma, akarudi, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Dirisha lilikuwa na nondo. Kulia ukuta, kushoto rundo la mbao za mninga.

Alikuwa amefika mwisho.

Gervas alisimama mbele yake, anahema, ngozi ya miguu imeanza kuvimba. Panga liko juu. Shingo ya Winfrida iko wazi. Gervas akangoja.

Anangoja nini?

"Iweke mezani kwanza," Gervas alisema.

Mmelisikia hilo? Mtu anataka kumchinja mwenzake, lakini anataka kwanza meli iwekwe mahali salama! Winfrida aliyatazama macho ya Gervas na kuona kwamba hayamtazami yeye. Yalikuwa kwenye kamba, kwenye matanga, kwenye vingazi vidogo ambavyo mzee alivichonga kwa wembe. Akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyoligeuzia panga mgongo hivi punde. Wote wawili ni wagonjwa wa ugonjwa mmoja.

Akaitupa meli.

Aliirusha juu, kuelekea kwenye kenchi, kwa nguvu zote za mkono mzima uliobaki.

Panga lilianguka sakafuni. Gervas hakuamua kuliachia, mikono ndiyo iliyoamua. Alijirusha mbele, magoti yakapiga juu ya maji ya moto na makaa, akaidaka meli kabla haijagusa chini, viganja viwili chini ya mkuku. Haikuvunjika hata kijiti. Na kwa muda mfupi sana, wasomaji wangu, mtu huyo alitabasamu.

Nyundo ya mbao ilimpata sikioni.

Pigo la pili lilimpata begani, la tatu kwenye mkono aliounyanyua kujikinga, na mfupa ukasikika. Gervas alianguka kwa ubavu, bado ameikumbatia meli, hakutaka iumie. Winfrida alinyanyua nyundo mara ya nne. Nitawaambia ukweli bila kumpamba: alitaka kumponda kichwa. Aliona raha mkononi, na raha hiyo ikamtisha.

Akajizuia. Gervas akifa, nani atafungua mdomo kumtoa Philipo? Maiti mmoja wa kesi hii alikuwa anatosha.

Alitupa nyundo, akaokota panga asije adui akalirudia, akavuta komeo, akatoka nje juani akipepesuka.

"Mwizi!" Gervas alipiga kelele kutoka ndani. "Mwizi jamani! Nauawa!"

Ninyi mnajua neno hilo linafanya nini mitaani. Ilikuwa saa ya watu kurudi sokoni, bodaboda zimepanga foleni, vijana wamekaa juu ya mawe makubwa upande wa ziwani wakipiga soga. Kufumba na kufumbua uwanja wa Gervas ulijaa wale ambao sisi wa magazeti huwaita wananchi wenye hasira kali.

Na walimkuta nani? Walimkuta mwanamke aliyelowa damu, ameshika panga.

"Huyo hapo!"

"Si mimi!" Winfrida alilia, akalitupa panga. "Sikilizeni kwanza!"

Jiwe la kwanza lilimpata mbavuni. Alikunjika. Teke likamwangusha, na mtu akamkanyaga mkono uleule wenye jeraha, akausugua chini.

"Ngojeni, namfahamu huyu!" ilikuwa sauti ya Sikudhani, mwuza samaki wa mtaa ule. "Ni dada yake Philipo! Yule aliyemuua Mzee Emilian!"

Laiti angenyamaza. Umati ulinguruma.

"Ukoo wa wauaji!"

"Wamemmaliza mzee, sasa wamerudi kwa katibu!"

Gervas alikuwa amejikokota mpaka mlangoni, sikio linavuja damu, mkono unaning'inia. Meli hakuwa nayo tena. "Amekuja kunimaliza," alisema kwa kilio. "Kama mdogo wake alivyommaliza mzee. Jamani, niliwakosea nini?"

Fundi wa pancha aliviringisha tairi kuukuu, likaja likagonga kichwa cha Winfrida na kulala. Mwenye bodaboda mmoja alikuwa ameshainama kwenye pikipiki yake anakinga petroli kwenye chupa ya maji. Winfrida aliisikia harufu yake. Aliita jina la Mungu, akaita la mama yake, akaita la Philipo.

"Meli ya mzee imo ndani!" alipiga kelele na mchanga mdomoni. "Ingieni muone! Imo ndani!"

Nani amsikilize? Walimvisha tairi shingoni.

"Pisheni."

Sauti haikuwa kubwa. Lakini waliokuwa nyuma walipisha, na wa mbele wakapisha, na katikati akapita mama mnene, amejifunga khanga nyeusi ya msiba. Marietha, mjane wa Mzee Emilian. Nyumba yake iko mtaa wa pili tu, na kelele zilimfikia akiwa anachambua mchicha. Vijana wenye mawe mikononi walimwamkia shikamoo mmoja mmoja, kwani Singida ni Singida hata mahali panapotaka kuchomwa mtu.

"Marahaba," aliwajibu wote. Akamtazama mwanamke aliyevishwa tairi. "Winfrida. Umesema nini kuhusu meli?"

"Shikamoo mama. Imo ndani. Kaificha humo, nimeishika kwa mikono yangu."

"Mwongo!" alisema Gervas. "Mama, usiingie, humo ndani kuna maji ya moto, utaumia!"

Marietha alimpita bila kumjibu. Watu walingoja. Chupa ya petroli ilisimama hewani. Ndani zilisikika mbao zikisukumwa, kisha gunia likiburutwa.

Alipotoka alikuwa ameibeba meli kwenye viganja vyake viwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa siku moja. Mkuku ulikuwa na damu.

"Tanga hili nililishona mimi," Marietha alisema. Alikuwa anasema na meli, si na watu. "Ni shuka letu la harusi. Lilipochakaa nilitaka kulifanya tambara, Emilian akakataa. Akasema tumelilalia, sasa acha litusafirishe." Kisha akanyanyua macho. "Gervas. Ulikula kwangu msibani. Ulinishika mkono ukaniambia mama jikaze."

Umati ulivuta pumzi moja.

Halafu ukageuka.

Jamani, umati hauombi radhi. Tairi lilivuliwa shingoni kwa Winfrida na mikono ileile iliyomvisha, likaenda kwa Gervas. Mateke yale, mawe yale, chupa ileile ya petroli, vyote vilihama. Gervas aliburutwa kwa mguu uliobabuka, ngozi ikabaki kwenye kokoto. Fundi wa pancha alimpiga kwa pampu ya chuma usoni.

Winfrida alibaki peke yake pale chini. Na moyoni, kwanza, alifurahi. Muueni, alisema kimoyomoyo. Muueni kabisa.

Kisha akaiona sura ya Philipo nyuma ya nondo. Aliyekutwa na meli akifa, kesi itabaki na nini? Itabaki na patasi. Na patasi ina herufi ya Philipo.

Alijikusanya, akajipenyeza katikati ya miguu ya watu, akajitupa juu ya Gervas. Naam, juu ya mtu aliyetaka kumchinja.

Pampu ilimpata yeye mgongoni.

"Toka wewe mama! Tunakusaidia!"

"Msinisaidie!" Winfrida alilia. "Huyu akifa mdogo wangu ananyongwa! Mmesikia? Mnamuua Philipo hapa! Mwacheni aseme, halafu mtajua wenyewe!"

"Mchomeni naye!" alisema mmoja. Wengine wakasita. Mwenye chupa alimtazama mwenzake. Sikudhani, aliyewachochea mwanzo, sasa analia, ameshika kichwa.

"Mjane ndiye aamue," alisema fundi wa pancha. Akaokota tofali la kuchoma, akalifuta vumbi kwa heshima, akamkabidhi Marietha.

Marietha aliivua khanga ya mabegani, akaitandika, akaiweka meli juu yake. Ndipo akalipokea tofali. Alikuja akasimama juu ya wale wawili.

"Inuka, mwanangu."

"Siinuki, mama."

"Mume wangu alikuwa anakupenda. Alikuwa akisema Winfrida ana mkono. Inuka."

"Mama, na Philipo je? Naye alikuwa anampenda. Ukinirushia mimi sawa, lakini siinuki."

Marietha alinyanyua tofali. Likakaa juu. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni. Halafu tofali likashuka polepole mpaka kiunoni.

"Wewe," alimwambia Gervas. "Ulimuua?"

Gervas alitema jino. "Mimi ni mwizi, mama. Si muuaji."

"Kwa nini uliichukua?"

"Mama unajua kwa nini."

Na Marietha alijua, na kila aliyekuwa kwenye chama alijua. Sheria ya Mzee Emilian ilikuwa kwamba meli isiyoelea si meli. Siku ya uzinduzi wote hukusanyika Ziwa Singidani, na itakayozama, mwenyewe huiopoa na kuichoma moto palepale ufukweni, kwa mkono wake, wenzake wanatazama. Mwaka jana ya Gervas ilizama. Alikuwa ameiunda tangu binti yake akiwa tumboni, na sasa binti anasoma. Mzee alimpa kiberiti bila neno.

"Nilitaka naye aikose," Gervas alisema, damu inabubujika. "Aamke asiione, ajue inavyouma. Basi. Niliingia na mtu, mzee kasinzia kwenye meza yake. Tulikubaliana meli tu, mama, naapa kwa mwanangu. Nikaiinua, nikageuka niondoke, nasikia mzee anaguna. Nageuka, namwona mwenzangu, patasi hana tena mkononi. Akaniambia nikifungua mdomo nitanyongwa mimi, maana meli ninayo mimi."

"Uongo!" watu walisema. "Kweli!" wengine walisema.

Winfrida alimshika kola. "Mtu gani? Gervas, mtu gani?"

"Shemeji, mimi nilikwambia uiweke chini, ungeniacha..."

"Mtaje!"

Gervas alinyanyua kichwa. Alitazama kupita bega la Winfrida, kwenye umati, na macho yakamtoka. Mkono uliokuwa mzima ukaanza kunyanyuka, kidole kimenyooka.

"Yule pa..."

Kipande cha tofali kilikuja kwa nguvu kutoka nyuma, kikapita karibu na shavu la Winfrida, kikampiga Gervas mdomoni. Taya lilivunjika. Winfrida alilisikia likivunjika.

"Nani karusha? Nani?"

Hakupata jibu, kwa sababu risasi ilipigwa hewani. Ya pili ikafuata. Difenda ya polisi ilikuwa imeingia, na wananchi wenye hasira kali wakageuka kuwa wananchi wenye mbio kali. Ndala zilibaki. Tairi lilibaki. Chupa ya petroli ilibaki inamwagika.

"Bado anapumua!" Winfrida alipiga kelele. "Mwahisheni hospitali! Asife! Jamani asife!"

Gervas alikuwa hai. Alijaribu kusema, ikatoka damu na sauti isiyo na herufi. Askari wawili walimbeba kwa mabega na miguu, wakamlaza nyuma ya difenda.

"Winfrida! Mke wangu!"

Ah! Sauti hiyo ilimwingia kama uji wa moto tumboni. Melkiori alikuwa anakuja mbio akiwasukuma watu, shati limetoka nje ya suruali. Alimkumbatia, akamkagua bega, akamfuta mchanga usoni. Winfrida, aliyevumilia panga na mawe na pampu, hapo ndipo alipolia kama mtoto.

"Nilikwambia uningoje," Melkiori alisema. "Sikukwambia? Wewe mwanamke wewe! Mama Marietha, shikamoo. Poleni sana, mama."

"Marahaba, baba. Umefika wakati mzuri."

"Kasema," Winfrida alimwambia mumewe huku akilia. "Philipo atatoka. Kasema walikuwa wawili."

"Kasema hivyo? Mungu mkubwa. Haya, nyamaza, nyamaza mama, yamekwisha." Melkiori aligeuka. Watu walikuwa wanakurupuka bado, na buti la askari lilipita karibu sana na khanga iliyotandikwa chini. "Hebu, hii nayo nani kaiacha hapa ikanyagwe?"

Akainama, akaiokota meli.

Winfrida alimtazama. Alimtazama mikono.

Viganja viwili chini ya mkuku. Vidole vimefunguka. Gumba haligusi hata kamba moja.

Machozi yalimkauka. Mume wake, ambaye hajagusa hata kijiti cha meli tangu azaliwe! Kuna mtu alimfundisha kushika hivyo, na katika mkoa mzima wa Singida aliyefundisha kushika hivyo alikuwa mmoja, na yuko kaburini. Kwenye kiganja cha kulia cha Melkiori kulikuwa na unga mwekundu wa tofali. Ulemo ni safari, na yeye kafika kabla difenda haijaondoka. Sanduku la patasi za Philipo hulala chini ya kitanda, nyumbani kwa Melkiori, chumba cha pili alimokuwa akilala Philipo. Na Gervas alikuwa akimwita shemeji, kama marafiki wa mume wanavyomwita mke wa mwenzao.

"Unanitazama nini?" Melkiori aliuliza.

"Hakuna," Winfrida alisema. Sauti yake hakuitambua.

Walitazamana. Kisha Melkiori akatabasamu, akamwekea meli mikononi kwa uangalifu, mpaka alipohakikisha ameushika ubao wa chini vizuri. Alimbusu kwenye paji la uso.

"Nenda na mama Marietha akakufunge jeraha," alisema. Akageuka. "Afande! Huyo jamaa atasongwa na damu akilala chali namna hiyo. Mimi nitapanda nimshike kichwa."

"Panda haraka," askari alijibu. Alikuwa na shida nyingine, wenzake walikuwa wanamkimbiza fundi wa pancha.

Melkiori alipanda. Alikaa sakafuni nyuma ya difenda, akakipakata kichwa cha Gervas kwa upole wa muuguzi. Injini ikanguruma.

Winfrida alipiga kelele, injini ikaimeza sauti. Alitaka kulikamata gari, kulipiga bodi, kumvuta askari shati, lakini mikono ilikuwa imejaa. Ilikuwa chini ya mkuku, mahali ilipofundishwa kukaa, na haikutaka kutoka. Meli ya mzee. Tanga la shuka la harusi. Marietha amesimama pembeni yake, anaitazama.

Difenda ilianza kuondoka. Gervas alikuwa anamtazama Winfrida, macho yamemtoka pima, anatikisa kichwa kadiri anavyoweza. Kiganja chenye unga mwekundu kilishuka taratibu, kikamfunika pua na mdomo.

Winfrida akaiachia meli.

Ilipiga mawe mbele ya miguu ya mjane, milingoti mitatu ikavunjika kwa pamoja, na Marietha akapiga yowe. Winfrida hakugeuka. Alikuwa ameshaanza kukimbia nyuma ya gari.